Blanketi la Mosidi Rantsho

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama wa Alhamisi mliokaa hapa mbele na blauzi zenu nyekundu, mheshimiwa diwani, majirani wa Makgulong, ndugu na jamaa mliosafiri kutoka mbali, naitwa Puseletso Mokhethi, binti wa marehemu, nesi mstaafu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, au niseme nusu ya familia imenipa, kwa sababu nusu nyingine jana ilitaka asome mdogo wangu Tshokolo, ambaye angesoma ukurasa mmoja safi, tukafika makaburini jua likiwa bado changa. Mtaniwia radhi, zangu ni kurasa sita. Wote mliopita kuaga mmeona kwamba mama hakuvalishwa blauzi yake nyekundu, amelala na gauni la bluu la nyumbani kama mtu asiye na kanisa, na minong'ono nimeisikia, tena kuna aliyesema karibu na sikio langu, "Hawa wamesoma mpaka wamesahau kumvalisha mama yao." Hatukusahau, aliagiza mwenyewe, na sababu yake imo humu.

Marehemu Selloane Martha Mokhethi, kwao ni ukoo wa Lephoto, alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 katika shamba la Kaburu mmoja, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji huu wa Witpan, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Abiele Lephoto, aliyekuwa akiendesha plau ya maksai, na mama Maleshoane, aliyekuwa akipika jikoni kwa mwenye shamba. Alilelewa zaidi na bibi yake mzaa baba, Bibi Sebabatso, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, ambaye mwaka 1913 alifungwa jela miezi miwili na kazi ngumu, yeye na wenzake, kwa kukataa kubeba kipande, kile kitabu cha serikali cha kumruhusu mtu mweusi kutembea, na alikuwa akiwaambia wajukuu zake huku anapepeta mtama, "Mimi jela nilikwenda na viatu mkononi, nisivichakaze, maana nilijua nitarudi." Mama alilikulia neno hilo, na sisi tumelikulia kwake.

Alianza masomo mwezi Januari 1937 katika shule ya shambani, chumba kimoja na mwalimu mmoja, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1941 alikuwa wa kwanza kwa hesabu, jambo alilotukumbusha kila tulipoleta ripoti zetu mbaya, kisha mwenye shamba akamwambia babu kwamba viazi haviwezi kungoja mtoto amalize kuhesabu, akatolewa shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwandiko wake aliutengeneza mwenyewe kwa kunakili Zaburi, kwa hiyo hata akiandika kijikaratasi cha kuagiza sabuni, ungedhani ni neno la Mungu.

Mwezi Agosti 1945 alihamia hapa Makgulong kwa shangazi yake, akaanza kazi ya dobi, ambayo aliifanya miaka thelathini na saba, na kazi yenyewe ilikuwa na siku zake, Jumatatu unakwenda mjini kwa wazungu kuchukua matita ya nguo, unayarudisha kichwani, Jumanne unafua, Jumatano unapiga pasi ya mkaa, Alhamisi ni sala ya akina mama, Ijumaa unarudisha. Walioajiriwa majumbani kwa wazungu nao walipewa nafasi Alhamisi mchana, ndiyo maana siku hiyo ikawa yetu, na wazungu walidhani tunaimba tu.

Tarehe 6 Desemba 1947 alifunga ndoa na Molefi Mokhethi, fundi wa njia ya reli, mtu mpole aliyekuwa akikaa kambini wiki tatu na nyumbani wiki moja, wakajaliwa watoto watatu, Teboho, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1949, mimi Puseletso, niliyezaliwa tarehe 2 Mei 1958, na Tshokolo, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1961, na baba yetu alitutoka tarehe 17 Julai 1979 kwa kifua kikuu, bila kujua haya ninayokwenda kuyasema.

Blauzi nyekundu mama aliipata Pasaka ya mwaka 1951, na Januari 1955 akachaguliwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama, akiwa na miaka ishirini na mitano tu, kwa sababu, waliniambia waliomchagua, alikuwa na sauti na hakuwa na woga. Wasiojua desturi zetu wajue hivi, blauzi ile hainunuliwi ikavaliwa, inafungwa kifuani kwa pini na mwenyekiti mbele ya wenzako, na ukifanya la aibu, mwenyekiti huyohuyo huifungua pini na kukuvua mbele ya wenzako walewale. Mwanamke aliyevaa blauzi hiyo huzikwa nayo. Aliyevuliwa huzikwa na gauni la nyumbani.

Mwezi Novemba 1956 lori la serikali lilifika Makgulong na meza, makarani na kamera, kuwaandikisha wanawake vipande kama walivyoandikishwa wanaume. Wanaume wetu tulikuwa tumewaona, baba anatoka kununua mkate anarudi baada ya wiki mbili kwa sababu kipande kilibaki kwenye koti lingine, na wanawake wakajiuliza, tukianza kukamatwa na sisi barabarani, mtoto wa kunyonya atabaki na nani? Alhamisi iliyofuata mama aliweka Biblia katikati ya sakafu ya kanisa, wakaapa mmoja mmoja kwamba hakuna mkono wa mwanamke wa Makgulong utakaopokea kile kitabu, na atakayepokea atavuliwa blauzi. Waliapa wanawake sitini na wanne. Wa kwanza alikuwa mama, wa pili alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mosidi Rantsho.

Huyu Mosidi mlioko hapa wengi hamumjui, na mnaomjua mnamjua kwa jina jingine, tutafika huko. Mume wake alikuwa mgodini, yeye alikuwa akifagia na kupiga deki ofisi ya lokesheni, yaani ya serikali katika mtaa wetu huu wa weusi, na Jumanne akitoka kazini alikuwa akija kumsaidia mama kukamua mashuka, kwa sababu shuka la kitanda cha mzungu mtu mmoja halikamui, mnashika huku na huku mnalisokota. Mama alisema hajapata kukamua na mtu aliyecheka kama yule, alikuwa na maneno hata kwa nguo, akishika suruali ya ndani ya mwalimu mkuu wa shule ya wazungu anasema, "Shikamoo, mwalimu, leo umepwaya," na wote wanakaa chini kwa kicheko.

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 1957 ndiyo siku mnayoijua, imo kwenye vitabu vya shule vya mji huu, siku ambayo madobi wote wa Makgulong walibeba matita yao kama kawaida, ila hawakwenda nyumba kwa nyumba, walikwenda mahakamani, wakayashusha kwenye ngazi, mabichi, hayajapigwa pasi, mashuka na foronya na makola ya mji mzima, na mkalimani alipotoka kuuliza maana yake nini, mama akamjibu, "Mwambie hakimu nguo zake zipo, aanike mwenyewe." Walifungwa ishirini na sita, wiki tatu, na kazi waliyopewa jela ni kufua mablanketi ya wafungwa, jambo lililomfanya Mosidi, ambaye naye alikuwa ndani, aseme kwamba kumbe Kaburu akikasirika sana anakuongezea tu nguo. Walitoka tarehe 8 Machi wakiimba, viatu mkononi.

Hapa ndipo mdogo wangu Tshokolo angefunga karatasi yake, tukaimba, tukaenda. Jana aliniambia, "Dada, marehemu hasemwi," nami nikamjibu kwamba marehemu amesema mwenyewe, tarehe 21 Aprili mwaka huu, siku ya Jumapili, akiwa na akili zake zote, amelala kitanda cha dirishani, na nilipotaka kumnyamazisha apumzike aliniambia, "Kaa chini, nesi, leo mgonjwa anaongea."

Mwezi Juni 1957 dada yetu Teboho, ambaye nilizaliwa baada yake nikapewa jina langu kwa ajili yake, aliugua dondakoo, koo lilivimba, akawa anavuta pumzi kwa sauti, na Jumatatu ya tarehe 17 daktari aliyekuwa akija mara moja kwa wiki alisema mtoto apelekwe kesho yake asubuhi hospitali kubwa ya Bloemfontein, gari litakuja. Mama alikwenda ofisini kuomba barua ya kukaa mjini na mgonjwa, na karani akamwambia, "Mtoto anaweza kwenda, mama yake ndiye hawezi, labda awe na kipande." Kisheria kipande kwa wanawake kilikuwa bado hakijawa lazima, karani alilijua hilo na mama alilijua, lakini barua ilikuwa mkononi mwa karani. Teboho alikuwa na miaka saba, hajawahi kulala bila mama yake ila zile wiki tatu za jela, wala hakujua lugha ya manesi wale, kwa hiyo mama akapatana na karani aje alfajiri kwa mlango wa nyuma.

Jumanne ya tarehe 18, kabla watu hawajatoka, mama aligonga kwa Mosidi, ambaye ofisi ilikuwa imemrudisha kazini baada ya jela, mwenye ufunguo wa mlango huo. Ilikuwa baridi ya Juni yetu, ndoo zimeganda, na blanketi lake mama alikuwa amemfunika mtoto, kwa hiyo alisimama pale na gauni tupu, na maneno yao alinitajia moja baada ya jingine, kwa kuwa alikuwa ameyarudia kichwani miaka hamsini na sita. Mosidi alimuuliza, "Blanketi lako liko wapi?" Mama akasema, "Analo Teboho." Mosidi akavua lake na kumfunga nalo, akamwambia, "Vaa hili, utakufa wewe kabla ya mtoto, nani atamwimbia?" Walipofika ofisini karani alikuwa ameshaweka kamera, akamwamuru mama avue kitambaa cha kichwa, mama akasema yeye ni mke wa mtu, karani akasema, "Kichwa wazi, serikali haiandikishi vitambaa," na mikono ya mama ikakataa kunyanyuka, ikabidi Mosidi ndiye amfungue kile kitambaa na kukishika mpaka picha ikapigwa. Alimwambia, "Hakuna anayekuona ila mimi, na mimi si mtu wa kusema."

Walimpandisha mtoto gari, mama akakaa naye, na Alhamisi ya tarehe 20 Juni 1957, saa tisa alasiri, saa ya sala, Teboho alikata roho katika wodi ya watoto weusi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Alizikwa hapa Makgulong Jumamosi ya tarehe 22, na akina mama walimwimbia wote sitini na wanne, pamoja na Mosidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu sisi mtu hutambuliwa kwa blanketi lake kabla uso wake haujafika, blanketi haliazimwi hovyo, ukiona blanketi la fulani linapita umemwona fulani. La Mosidi lilikuwa la kahawia lenye michoro ya mahindi ya manjano, na pembe moja aliwahi kuiunguza kwa pasi akaiwekea kiraka begani, hakuna wa pili aliyekuwa na kama lile. Asubuhi ile ya tarehe 18 kuna mama aliyekuwa bombani, jina lake silitaji kwa sababu wajukuu wake wapo hapa na hakusema uongo, aliyeona blanketi la mahindi likitoka mlango wa nyuma wa ofisi, na kitabu kikiwa mkononi. Wiki ya pili ofisa wa lori alipokuja kutangaza kwamba watarudi Jumatatu ya tarehe 8 Julai, alicheka mbele ya wanawake, akasema, "Mnajisumbua, mmoja wenu anacho tayari." Mama wa bombani akakumbuka alichokiona.

Alhamisi ya tarehe 4 Julai 1957 kanisa lilijaa. Mosidi alisimamishwa katikati, akaulizwa kama blanketi lile ni lake, akasema ni lake, akaulizwa kama kulikuwa na mtu ofisini asubuhi ile, akanyamaza. Mama wa bombani alimpigia kelele, "Sema basi, mbwa wa Kaburu, ulipewa nini, sukari?" Mosidi hakumtazama. Alimtazama mama yangu, mama aliniambia, hakumtazama kwa hasira, alimtazama kama mtu anayeshika upande mmoja wa shuka na kungoja wa pili akaze. Mama alikuwa mwenyekiti, siku kumi na mbili tu tangu amzike mwanawe, na wanawake wote walimwonea huruma, na hakusema neno. Aliinuka akamwendea Mosidi, akaanza kufungua ile pini, anaivuta kwa haraka, na Mosidi akamwambia polepole, wakasikia wao wawili tu, "Taratibu, Mama Teboho, usije ukajichoma."

Nilimuuliza mama, kwa nini, na sikumuuliza kwa upole. Alinijibu, "Sikuogopa kuvuliwa. Jumatatu lori lilikuwa linakuja, wote walikuwa wananitazama mimi, nikajiambia wakijua mwenyekiti ndiye, watapanga foleni. Nikajiambia, likishapita lori, Jumanne nitasema." Nikamuuliza, "Jumanne ipi, mama?" Akasema, "Ndiyo hiyo, mwanangu, haijafika."

Na lori lilikuja Jumatatu, likaondoka mikono mitupu, hakuna mwanamke hata mmoja wa Makgulong aliyepokea kipande hadi mwaka 1963, sheria ilipowalazimisha nchi nzima, na sitasimama hapa kudanganya kwamba kimya kile hakikuzaa kitu. Kilizaa. Miaka sita ile wanawake hawa walitembea bila kile kitabu, na baadhi yenu mlibebwa mgongoni katika miaka hiyo. Lakini alilipishwa mtu mmoja, tena kwa niaba yetu sote.

Hakuna aliyechota maji pamoja na Mosidi tena, akifika bombani wanainua ndoo zao nusu wanaondoka, yeye akabaki na lile jina jingine, mbwa wa Kaburu, watoto wakaitwa watoto wa kipande, ofisi nayo ikamfukuza kwa kuwa karani aliogopa mdomo wake, na mumewe akatuma neno kutoka mgodini kwamba hatarudi kwa mwanamke wa Makaburu. Alikuwa mjamzito. Tarehe 27 Septemba 1957 alishikwa na uchungu, akapiga ukuta wa nyumba yetu, kama walivyokuwa wakipigiana kila siku wakitaka chumvi au moto, na hakuna mwanamke wa umoja aliyekwenda, kwa kuwa aliyevuliwa haendewi. Mama aliketi upande wa pili wa ukuta ule anashona. Mimi nilikuwa tumboni, wiki chache. Mtoto wa Mosidi alitoka akiwa hai, akafa kabla ya jioni, na binti yake mkubwa Nthatisi, wa miaka sita, ndiye aliyemsaidia. Mei iliyofuata nilipozaliwa mimi chumba kilijaa akina mama wakipiga vigelegele, wakaniita Puseletso, yaani amerudishiwa, na ni kweli, sisi tulirudishiwa. Nimefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na minne, nimepokea watoto wa maadui na wa marafiki, nami nimelijua hili mwezi uliopita tu, na kuna siku mwezi huu nimeshindwa kumwosha mama yangu, nikatoka nje nikasimama.

Mosidi alihama Makgulong mwezi Aprili 1958, akapanda lori la kuelekea Witsieshoek na watoto wake wawili, na kule milimani alikaa kwa ndugu asiyemtaka, akafua nguo za watu mtoni, akafariki tarehe 11 Agosti 1974. Alizikwa na gauni la nyumbani, na lile blanketi la mahindi juu yake. Hakusema, hata kwa watoto wake.

Mwaka 1992 mama alinituma kule, aliniambia tu ni jirani wa zamani, mpelekee salamu, na Nthatisi alinifungulia mlango nusu, akasikia jina langu, akasema, "Mwambie mama yako sisi tumeshazoea," akafunga. Nilirudi nimekasirika, nikasema watu wengine hawana adabu, na mama akanitazama akaingia kulala mchana.

Tarehe 9 Agosti 2006 halmashauri ya mji ilimpa mama cheti na kuipa barabara hii jina lake, mmeipita kuja hapa, na siku hiyo wakamwomba aseme neno, naye akasimama akasema "Asanteni" akaketi, tukamsifu kwa unyenyekevu. Mheshimiwa diwani, kile kibao chenye jina lake kimefungwa kwa boliti mbili tu, na Tshokolo ana spana.

Kuhusu ugonjwa, mama alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2003, tarehe 6 Novemba 2011 alipata kiharusi kilichochukua mguu wa kushoto, na Februari mwaka huu figo zikachoka, akalazwa hospitali mara mbili, akaomba kurudishwa nyumbani, na tarehe 9 Mei 2013, siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni, akaaga dunia mikononi mwangu, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Waswahili wa mataifa ya kaskazini wana msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakusubiri kifo kimuumbue, alikitangulia kwa siku kumi na nane, na sijui kama hiyo ni mapema au ni kuchelewa.

Ameacha vitu viwili. Cha kwanza ni hiki, kipande, alikuwa amekishona ndani ya mto, kimegongwa muhuri wa tarehe 18 Juni 1957, na picha iliyomo ni mama yangu, kichwa wazi, na begani, wenye macho mazuri mtakuja kutazama, michoro ya mahindi na kiraka. Cha pili ni blauzi hii nyekundu. Nilipokuwa mdogo nilimwona kila Jumatano akiipiga pasi baada ya nguo za wazungu kwisha, akiikunja na kuirudisha sandukuni, haivai, nikadhani ni ya akiba. Ni ya Mosidi Rantsho. Ameipiga pasi kila Jumatano tangu mwaka 1957 hadi kiharusi kilipomzuia, na tangu hapo alinifanya niipige mimi bila kuniambia ni ya nani.

Wosia wake ni huu. Yeye azikwe na gauni la nyumbani, kama alivyozikwa mwenzake. Blauzi yake yeye irudishwe kwa umoja, nimeshaikabidhi. Na mwenyekiti wa sasa, ambaye nimemweleza jana na akalia, atamke leo mbele yenu kwamba Mosidi alivuliwa bila kosa, kisha blauzi hii akabidhiwe binti yake. Nthatisi yupo. Amekaa nyuma kabisa, karibu na nguzo ya turubai, kwa sababu nilipompigia simu na kumweleza yote alisema, "Nitakuja, lakini siji kulia, na msinipe kiti cha mbele." Dada Nthatisi, hatukuombi usamehe, mama alinikataza kuliomba hilo. Ukiipokea, ipokee. Ukikataa, nitaendelea kuipiga pasi.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, mchungaji na kanisa, majirani mliochota maji, mliopika na mliochimba kaburi tangu alfajiri, wafanyakazi wenzangu wa zamani mliokuja na sare zenu, na akina mama wa Alhamisi, ambao leo nimewaumiza, najua, kwa kuwa mlimpenda, nami nilimpenda, nampenda, na ndiyo maana imeniuma kusoma.

Mosidi Rantsho, mwanamke wa pili kuapa na wa pekee aliyetunza kiapo na siri kwa pamoja, lala salama, jina lako limesafishwa, ingawa tumechelewa kulianika.

Nawe mama, ukifika huko, usianze kupumzika. Nenda kwanza ukagonge ukuta wake. Akikufungulia, basi pumzikeni kwa amani, wote wawili.